Titi la Kushoto na Titi la Kulia: Tofauti za Saratani na Lugha ya Kuzieleza

Saratani ya matiti hutokea katika titi la kushoto mara nyingi kidogo kuliko katika titi la kulia. Jambo hili limeonekana tena na tena katika daftari za wagonjwa zinazotunzwa Marekani na Ulaya, na kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa ajabu ndogo isiyomhusu tabibu wala mgonjwa. Katika miaka ya karibuni limeanza kuchunguzwa upya, kwa kuwa baadhi ya watafiti wameona dalili kwamba tofauti haiko katika idadi peke yake, bali imo pia katika tabia ya uvimbe wenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza yale yaliyokwisha kujulikana, kuyapima uzito wake, na kuonyesha mahali ambapo Kiswahili, kinapobeba mzigo wa kuwaeleza watu habari hizi, chaweza kumwongoza au kumpoteza mwanamke anayezisikia.

Hatari ya kupotezwa si ya kubuni. Nchini Kenya saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa wingi wa wagonjwa wapya miongoni mwa wanawake, na wengi wao hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Sentensi moja tu, "saratani ya kushoto ni kali zaidi", ikitangazwa pasipo kipimo chake, itamfikia mwanamke mwenye kivimbe katika titi la kulia kama habari njema. Hakuna mtafiti hata mmoja aliyesema kwamba titi la kulia lina salama. Lakini msikilizaji hakupewa maneno ya mtafiti, alipewa sentensi.

Majina ya pande

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, maana hayakuzaliwa hospitalini. Kulia ni kitenzi cha kutendea kilichotokana na kula: mkono wa kulia ni mkono ambao mtu hulia chakula. Njia hiyo ya kutaja upande haikuwa ya Waswahili peke yao. Kikuyu husema ũrĩo, na Kiganda husema ddyo, na maneno yote mawili yamefungamana na kitenzi cha kula katika lugha hizo. Upande wa pili ukabaki na jina lisilosifiwa kwa kazi yoyote.

Kando ya kulia na kushoto, Kiswahili kina jozi nyingine, nayo ni kuume na kike. Mkono wa kuume ni wa kulia, na mkono wa kike ni wa kushoto; tafsiri ya Biblia imeishika sana kuume, na wazee wa pwani wanaitambua jozi nzima. Kufananisha upande wa kulia na uume na wa kushoto na uke ni fikira ya zamani iliyoenea mbali. Wayunani waliokuwa wakifuata mafundisho ya Hippocrates waliamini kwamba mimba ya kiume hukaa upande wa kulia wa tumbo la uzazi na ya kike upande wa kushoto. Na kwa mwenye mimba ya mapacha, titi la kulia likisinyaa ghafla hiyo ilikuwa dalili ya kuharibika kwa mtoto wa kiume. Tiba imekwisha kuyaacha mafundisho hayo. Lugha haiachi upesi hivyo. Mwandishi wa maelezo ya afya anayedhani kuwa atapata ufasaha kwa kuandika "saratani ya titi la kuume" atakuwa ameandika jambo ambalo wasomaji wengi watalisoma kuwa ni saratani ya titi la mwanamume, ugonjwa ambao kweli upo, ingawa ni wa nadra. Kwa ajili hiyo, katika maandishi ya tiba, kulia na kushoto ndiyo maneno yasiyo na mtego.

Mtego mwingine umo katika swali la ni kulia kwa nani. Daktari aliyemkabili mgonjwa huliona titi la kulia likiwa upande wake wa kushoto, na picha za eksirei hutundikwa kwa namna hiyo hiyo, kana kwamba mgonjwa amesimama mbele ya mtazamaji. Katika taaluma ya tiba, upande ni wa mgonjwa siku zote. Kiswahili kina njia nyepesi ya kulifunga jambo hilo, nayo ni kutaja mwenyewe: kulia kwake, kushoto kwa mgonjwa. Ni neno moja tu la ziada, na ni ajabu kwamba huachwa mara nyingi.

Ama jina la ugonjwa, saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, na wajuzi wa falaki wa pwani walikuwa nalo kama jina la burji. Waarabu nao walikuwa wakifuata Wayunani, na ni Galen aliyeufananisha uvimbe wa titi na kaa kwa sababu ya mishipa iliyovimba na kutawanyika pande zote mfano wa miguu yake. Kwa hiyo jina lote la ugonjwa huu, katika viungo vyote vya mwili, lina deni kwa titi.

Idadi na maana yake

Mwaka 2022 Yara Abdou na wenzake walichapisha uchanganuzi wa habari za wagonjwa zaidi ya 880,000 kutoka katika daftari la saratani la Marekani liitwalo SEER. Kati ya kila wagonjwa 100, takribani 51 walikuwa na uvimbe katika titi la kushoto na 49 katika titi la kulia. Uchunguzi mwingine, wa kabla ya huo, ulipata ziada ya kushoto isiyopita sana sehemu 5 kwa 100. Yaani penye wagonjwa 100 wa upande wa kulia, palikuwa na kama 105 wa upande wa kushoto.

Nambari hizo zina nyuso mbili. Katika umati wa watu 880,000, tofauti ya 51 kwa 49 ni zaidi ya watu elfu kumi, na bahati peke yake haiwezi kuileta. Lakini kwa mwanamke mmoja anayejipapasa nyumbani kwake, 51 kwa 49 ni kama kurusha sarafu. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na maneno "mara nyingi zaidi" hayawezi kuyabeba yote mawili. Mwandishi hana budi kuchagua: ama aseme "zaidi kidogo sana", ama aitoe nambari yenyewe. Kuitoa nambari ni bora.

Sababu ya ziada hiyo imetafutwa sana. Wako wanaosema kwamba titi la kushoto aghalabu huwa kubwa kidogo, kwa hiyo lina chembe nyingi zaidi zinazoweza kuharibika. Wako wanaosema kwamba watu wengi hutumia mkono wa kulia, nao hufika kwa wepesi zaidi katika titi la kushoto, ndiyo maana kivimbe cha huko huonekana. Hoja hii ya pili ni dhaifu. Kupapasa kwaweza kueleza kwa nini kivimbe kigunduliwe mapema. Hakuelezi kwa nini kiwepo. Uvimbe wa kulia uliokosa kuonekana leo ungeonekana baadaye, ukiwa mkubwa zaidi, na hesabu ya mwisho ingelingana.

Wengine wameelekea katika malezi. Mwaka 1960 Lee Salk wa Marekani alionyesha kwamba akina mama wengi humpakata mtoto mchanga upande wa kushoto: 83 kwa 100 miongoni mwa wanaotumia mkono wa kulia, na 78 kwa 100 miongoni mwa wanaotumia wa kushoto. Walakini kupakata si kunyonyesha, na mama anayempakata mtoto kushoto humgeuza anyonye pande zote mbili. Ushahidi wenye nguvu juu ya malezi ulitoka mahali pasipotarajiwa.

Wavuvi wa Hong Kong

Watanka ni jamii ya wavuvi iliyokuwa ikiishi katika mashua kwenye bandari na ghuba za Kusini mwa China. Mavazi ya kimila ya wanawake wao yalifunguliwa upande wa kulia wa kifua, na desturi ikawa kumnyonyesha mtoto kwa titi la kulia peke yake. Titi la kushoto halikunyonywa, mtoto baada ya mtoto, kwa miaka mingi. Mwaka 1977 Roy Ing na wenzake walitoa katika jarida la Lancet matokeo ya kuchunguza habari za wagonjwa wa saratani ya matiti wa Hong Kong. Miongoni mwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi na waliokuwa wamenyonyesha kwa upande mmoja, saratani ilizidi waziwazi katika titi lisilonyonywa.

Thamani ya uchunguzi huo ni kubwa kuliko ukubwa wake. Wanasayansi wanapolinganisha wanawake walionyonyesha na wasionyonyesha, huwa wanalinganisha watu wawili tofauti: mmoja alizaa mapema, mwingine alichelewa, mmoja ni tajiri, mwingine ni maskini, mmoja ana ndugu mwenye saratani, mwingine hana. Mwanamke wa Kitanka alilinganishwa na nafsi yake. Damu ilikuwa moja, homoni zilikuwa zile zile, chakula kilikuwa kile kile, na idadi ya watoto haikutofautiana kati ya titi na titi. Kilichobaki ni kunyonywa tu. Baadaye, mwaka 2002, uchanganuzi wa pamoja wa tafiti 47 kutoka nchi 30 ulithibitisha kwa njia nyingine kwamba kunyonyesha kunakinga: kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha, uwezekano wa kupata saratani ya matiti ulipungua kwa takribani sehemu 4 kwa 100 ya ulivyokuwa.

Hata hivyo Watanka hawaelezi ziada ya kushoto ya ulimwengu mzima. Wanawake wa Marekani hawakuwa na vazi lile wala desturi ile. Wanachoonyesha Watanka ni kwamba matiti mawili ya mtu mmoja yaweza kuwa na historia mbili, na kwamba historia hiyo huacha alama katika chembe.

Je, uvimbe wenyewe hutofautiana?

Hapa ndipo penye ubishi. Abdou na wenzake hawakukomea katika kuhesabu. Walitazama pia jeni za uvimbe uliokatwa kutoka kwa wagonjwa, wakaona kwamba katika uvimbe wa kushoto makundi ya jeni zinazohimiza chembe kugawanyika yalikuwa yakifanya kazi kwa bidii zaidi. Kisha wakatazama kundi la wagonjwa wa hospitali moja waliopewa dawa za saratani kabla ya kupasuliwa: uvimbe ulitoweka kabisa kwa takribani wagonjwa 30 kati ya 100 wa upande wa kulia, na kwa takribani 15 tu kati ya 100 wa upande wa kushoto. Mwisho, katika daftari lile kubwa, vifo vya wagonjwa wa kushoto vilizidi vya wa kulia kwa takribani sehemu 5 kwa 100.

Matokeo matatu haya hayana uzito mmoja. La dawa linashtua zaidi nalo ndilo lenye msingi mwembamba zaidi, kwa kuwa lilitoka katika kundi dogo. La vifo lina msingi mpana mno, lakini tofauti yenyewe ni ndogo, na tena vilivyohesabiwa ni vifo vya sababu zote, si vya saratani peke yake. Jambo hili la mwisho lisipuuzwe; litarudi hapa chini. Tafiti nyingi za kabla yake hazikuona tofauti yoyote ya kuishi baina ya pande mbili. Kwa hiyo lililo la haki kusema ni kwamba dalili ipo, inataka kuthibitishwa na wengine, na hakuna daktari anayebadili dawa za saratani kwa sababu uvimbe uko kushoto.

Lakini yawezekanaje hata dalili hiyo iwepo, ilhali matiti yote mawili hutoka katika asili moja? Mwili wa binadamu kwa nje ni nusu mbili zinazofanana. Kwa ndani sivyo. Moyo umeegemea kushoto, ini liko kulia, na pafu la kulia lina sehemu tatu hali la kushoto lina mbili. Mpango huo huwekwa katika wiki za mwanzo kabisa za mimba. Mwaka 1998 wanasayansi wa Kijapani wakiongozwa na Nobutaka Hirokawa walionyesha katika viinitete vya panya kwamba vinyweleo vidogo mno huzunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto. Baada ya hapo jeni fulani, mojawapo ikiitwa Nodal, huamka upande wa kushoto tu. Vinyweleo visipozunguka, upande wa moyo huamuliwa kwa bahati nasibu. Chipukizi za matiti huanza baada ya mpango huu kukamilika, karibu na wiki ya sita ya mimba, katika mwili ambao tayari una kushoto na kulia. Si muhali, basi, kwamba chembe za titi zikabaki na kumbukumbu ya upande zilikozaliwa.

Kwa kulinganisha, iko saratani nyingine ambayo upande wake una maana isiyo na shaka, nayo ni ya utumbo mpana. Utumbo mpana wa kulia hutoka katika sehemu ya kati ya utumbo wa kiinitete, na wa kushoto katika sehemu ya nyuma. Kila mmoja hulishwa na mshipa wake mkubwa wa damu. Jeni zinazoharibika katika saratani zake hazilingani. Na baadhi ya dawa, kama cetuximab, hufaa zaidi upande wa kushoto. Huko madaktari huuliza upande kabla ya kuandika dawa. Msomaji akikutana na taarifa juu ya "saratani ya kushoto", yafaa kwanza aulize ni ya kiungo gani, maana lililo kweli la utumbo halihamishiki kwenda kwenye titi.

Jirani aitwaye moyo

Tofauti iliyo wazi kupita zote baina ya titi la kushoto na la kulia haimo ndani ya titi. Iko nyuma yake. Mionzi inayopigwa kuua mabaki ya saratani upande wa kushoto hupita karibu na moyo, na katika miongo ya zamani, mashine zilipokuwa hazijaboreshwa, moyo ulipata sehemu yake. Sarah Darby na wenzake walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa wanawake 2,168 wa Uswidi na Denmark waliotibiwa kwa mionzi baina ya mwaka 1958 na 2001. Kwa wastani, moyo wa mwanamke aliyetibiwa titi la kushoto ulipata grei 6.6 za mionzi, na wa mwanamke aliyetibiwa titi la kulia grei 2.9. Kwa kila grei moja, uwezekano wa maradhi makubwa ya mishipa ya moyo uliongezeka kwa asilimia 7.4, na madhara yalianza kuonekana katika miaka mitano ya kwanza na kuendelea kwa miaka isiyopungua 20. Hili ndilo linalofanya vifo vya sababu zote vitazamwe kwa uangalifu: baadhi ya ziada ya vifo vya kushoto yamkini ni ya tiba ya zamani, si ya uvimbe.

Asilimia hiyo 7.4 nayo inataka kuelezwa. Watu wengi wakiisikia kwa Kiswahili hudhani kwamba wanawake 7 zaidi kati ya 100 wataugua moyo. Sivyo. Ni asilimia ya hatari ambayo mwanamke alikuwa nayo tangu hapo. Kwa mfano wa kuhesabu tu, tuseme katika wanawake 1,000 wako 20 ambao wangepata maradhi hayo hata bila mionzi. Kwa grei 2.9 idadi hiyo ingekuwa kama 24, na kwa grei 6.6 kama 30. Tofauti hiyo yatosha kumfanya daktari ahangaike kuulinda moyo. Haitoshi kumfanya mgonjwa aikimbie mionzi inayomkinga na kurudi kwa saratani. Neno hatari, ambalo kwa Kiswahili lina sauti ya simba aliye njiani, halifai kubeba hesabu za namna hii; uwezekano ni neno tulivu zaidi na lililo sahihi zaidi.

Njia mojawapo ya kuulinda moyo ni sahili ajabu. Mgonjwa huvuta pumzi ndefu na kuizuia wakati mashine inapofanya kazi. Mapafu hujaa, kifua huinuka, na moyo hujitenga na ukuta wa kifua, ukashuka chini na kurudi nyuma, nje ya njia ya mionzi. Pumzi ikiachiwa, moyo hurudi mahali pake. Mgonjwa huwa peke yake chumbani na mhudumu huwa nje ya ukuta mzito, akimwelekeza kwa sauti tu.

Maneno ya maelekezo hayo ni machache, nayo hayana nafasi ya kosa. Kupumua kwa Kiswahili ni kuvuta na kutoa hewa pia. Tena watu wengi, wakiambiwa "pumua", huitoa pumzi na kulegea kama mtu aliyetua mzigo. Mhudumu anayetaka kifua kiinuke, akasema "pumua, kisha tulia", aweza kupata kinyume chake: kifua kilichoshuka, na moyo ulio karibu na ukuta kuliko kawaida. "Vuta pumzi ndani" haina tafsiri mbili. "Izuie" haina tafsiri mbili, maadamu mgonjwa alikwisha kuonyeshwa mfano kabla ya kulala mezani. Na mwisho, "iachie".